Tairi la Boda Hulipwa Kila Siku, Sio Siku Linapopasuka

Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa. Nilipanda boda pale stendi ya Ngong, naelekea Matasia. Tukiwa kwenye mteremko, gari la mbele likashika breki, na kijana wangu naye akashika. Pikipiki haikusimama. Gurudumu la nyuma lilienda upande wake, sisi upande wetu, tukamalizia kwa mtaro. Hasara ilikuwa goti langu, kiwiko chake na kioo kimoja. Lori lililokuwa nyuma yetu lilifaulu kusimama. Lisingefaulu, nisingekuwa hapa nikiandika.

"Pole sana mzee," akaniambia huku akipangusa matope. Nikainama kuangalia tairi la nyuma. Upara mtupu, katikati laini kama kiganja cha mkono. Nikamuuliza mbona hajalibadilisha.

"Pesa ya tairi nilikuwa nayo Jumatatu, mzee. Ilikuwa kwa simu pamoja na zingine. Jumanne shule wakaniita juu ya fee. Ningefanyaje?"

Jibu hilo halijanitoka kichwani. Huyu hakuwa mzembe, na pesa alikuwa nayo. Shida ni kwamba pesa ile haikuwa na jina, na pesa isiyo na jina huchukuliwa na yeyote atakayepiga simu kwanza. Tairi halipigi simu. Linakaa kimya mpaka siku ya mvua.

Maoni yangu ni haya: tairi si gharama ya dharura. Ni kama mafuta, unalitumia kila siku. Tofauti ni kwamba mafuta unayalipia asubuhi, na tairi unalikopa kidogo kidogo bila kujua.

Piga hesabu kwa siku

Wengi wetu dukani tunauliza swali moja tu: hii ni ngapi? Swali la maana ni: itanigharimu ngapi kwa siku?

Tuseme tairi zuri la nyuma, pamoja na tyubu mpya na pesa ya fundi, linakutoka shilingi 3,600 na linakubeba miezi 6. Ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi, hizo ni siku 156. Gawanya, unapata kama shilingi 23 kwa siku. Sasa chukua lile la bei ya chini, tuseme shilingi 2,200 kila kitu, ambalo linaisha kwa miezi 3. Hizo ni siku 78, yaani zaidi ya shilingi 28 kwa siku. Hapo sijahesabu panchari, wala siku uliyopoteza ukingoja fundi. Rahisi ni ghali, na hesabu ndiyo hiyo.

Bei za duka lako zitakuwa tofauti na hizi, lakini njia ya kugawanya ni ile ile. Andika tarehe uliyofunga tairi, na siku linapoisha utajua ukweli wake. Usitegemee maneno ya muuzaji.

Chagua kwa barabara unayopiga

Kuna mtindo siku hizi wa kuweka tairi pana nyuma au lenye meno makubwa mbele na nyuma, ili pikipiki ionekane imesimama. Sina ugomvi na urembo. Lakini jiulize unafanya kazi wapi.

Kama siku yako yote ni lami, Ngong mjini, Vet, Bulbul, mpaka Karen, meno makubwa hayakusaidii. Yanagusa lami kwa sehemu ndogo, kwa hivyo yanaisha haraka na breki kwenye lami yenye maji inakuwa dhaifu. Chukua tairi la lami lenye mifereji ya kutoa maji. Kama unabeba watu kwenye mitaa ya ndani ya Kitengela au kuelekea Isinya, ambako udongo mweusi hunata mvua ikinyesha, hapo meno yaliyoachana yana kazi. Lakini hata huko, tairi pana kupita kiasi ni balaa: udongo unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakwama. Ukiwa unapiga zote mbili, lami na vumbi, tafuta la kati, na ubaki na saizi ya pikipiki yako.

Saizi imeandikwa ubavuni. Boda nyingi hapa kwetu huvaa 2.75 mbele na 3.00 nyuma, kwa rimu ya inchi 17 au 18. Baada ya saizi kuna namba ya mzigo. Kwa mfano 52 maana yake tairi hilo limeundwa kubeba hadi kilo 200, na 42 ni kilo 150. Kama wewe ni mtu wa kubeba magunia, namba hiyo ni muhimu kuliko rangi ya maandishi.

Angalia pia namba nne za tarehe. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Tairi lililokaa miaka mingi dukani linaweza kung'aa kama jipya na bado mpira wake umekauka. Na usidharau la mbele kwa sababu linaisha polepole. Ukishika breki, uzito mwingi unakuja mbele. Hilo ndilo linalokusimamisha.

Ipe pesa jina

Sasa turudi kwa simu. Fungua akiba iliyojitenga na salio lako la kila siku, iite "Tairi", na kama huduma yako inaruhusu, ifunge mpaka tarehe fulani. Kila jioni, kabla hujazima pikipiki, tupa 25 za tairi la nyuma na 10 za la mbele. Shilingi 35. Kwa siku 156 una shilingi 5,460: tairi la nyuma limeshalipwa, na la mbele limeshafika njiani.

Najua utaniambia nini. Kuna siku mvua inanyesha mpaka jioni, unarudi nyumbani na mia mbili, na watoto hawajala. Siku hiyo lisha watoto. Siku inayofuata anza tena, bila kujihukumu. Akiba ya kuruka siku tatu bado ni akiba. Na kama pikipiki si yako, keti na mwenyewe mkubaliane nani analipa tairi, kabla halijaisha. Anayepokea hesabu kila jioni ana sehemu yake kwa usalama wa chombo.

Nitasema jambo ambalo kampuni ya pesa kwa simu haipendi sana kulisema: usifanye mkopo wa simu kuwa mpango wako wa tairi. Mkopo una kazi yake, kama umekwama Kona Baridi saa mbili usiku. Lakini ukikopa kila mara, unalipa tairi na ada juu yake, na tairi la pili linaanza kuisha kabla hujamaliza deni la kwanza.

Siku ya kununua, nenda dukani ulione tairi, ulishike, usome tarehe. Usitume "deposit" kwa mtu usiyemjua anayeuza matairi ya bei ya kutupa mtandaoni. Ukilipa kwa namba ya duka, soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kukamilisha malipo. Likiwa si la duka hilo, simama uulize. Hifadhi ujumbe wa malipo na uombe risiti. Fundi akikuambia tyubu ya zamani bado iko sawa, kataa. Tyubu iliyovutika hujikunja ndani ya tairi jipya, na hapo ndipo hupasukia.

Yule kijana wa Matasia nilimpata tena stejini wiki chache baadaye. Tairi la nyuma lilikuwa jipya. Nikamuuliza alilipataje. "Nilikopa, mzee," akacheka kidogo, kisha akanionyesha simu. Kulikuwa na akiba mpya pale, shilingi 140. Siku nne. Alikuwa ameiandika "Tairi ingine".

Leo jioni ukimaliza kazi, pitisha kidole katikati ya tairi lako la nyuma. Ukikuta ni laini, usipande tena na abiria mpaka ulibadilishe. Ukikuta bado lina meno, tuma 35.