Ramani Inayowaona Tembo

Mwezi uliopita niliketi karibu na stesheni ya reli ya Kilosa, nikafungua kwenye simu ramani inayoleta picha za mahali ulipo. Nilitaka kuuona mji kwa macho ya waliotangulia. Zikaja picha chache: nyumba ya wageni, kituo cha mafuta, kijana aliyejipiga picha mbele ya gari lisilo lake, nadhani. Nikasogeza kidole kusini hadi Mikumi. Skrini ikafurika: tembo, twiga, machweo, tembo tena.

Mji wa Mikumi nao umo ndani ya Wilaya ya Kilosa. Wilaya ni ile ile, lakini mnyama anaonekana na mkulima haonekani.

Sina ugomvi na mtalii. Amepiga picha ya kile alichokifuata. Ugomvi wangu ni nasi wenyeji tuliomwachia atusimulie. Mafuriko ya mto Mkondoa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliwaacha maelfu bila makazi na kuikata Reli ya Kati baina ya Kilosa na Gulwe. Nililitafuta tuta la mto huo katika simu, sikulipata. Nikagusa Rudewa Mbuyuni, ambako watu 38 waliuawa Desemba 2000 katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Ramani ilinionyesha rangi ya kijani tupu, kana kwamba hapo hapajawahi kukaa mtu. Ofisa anayepanga matumizi ya ardhi akiwa mezani, mbali na Kilosa, huiona kijani hiyo hiyo.

Wala haitoshi kupiga picha na kuzikabidhi kwa kampuni za ng'ambo. Panoramio, tovuti iliyokusanya picha za mahali duniani kote tangu 2005, ilifungwa 2016 kwa uamuzi ambao hakuna mwanakijiji aliyeulizwa. Nakala zibaki kijijini.

Ndiyo maana niliwatuma wanafunzi wangu wapige picha za matuta, mabirika ya mifugo na mawe ya mipaka, kila moja na tarehe na mahali pake, kwa ridhaa ya wenye maeneo. Mmoja wao alizuiwa kando ya mto na mtumishi wa umma aliyemuuliza ana kibali cha nani. Siku hiyo hiyo, kwenye barabara kuu inayokatiza hifadhi ya Mikumi, abiria walikuwa wakiwapiga picha tembo kupitia madirisha ya mabasi, bila kuulizwa kibali na yeyote.