Ratiba Isiyo na Nafasi ya Viporo

Tarehe 5 Agosti 2020 ligi ya Big Ten, iliyounganisha wakati huo vyuo vikuu vikubwa hasa vya kaskazini ya kati mwa Marekani, ilitoa ratiba mpya ya futiboli iliyosukwa kukwepa korona. Tarehe 11 Agosti, siku sita tu baadaye, wakuu wa vyuo hivyo 14 wakatangaza kwamba hapatachezwa kitu msimu wa vuli. Ilipofika 16 Septemba wakuu walewale walipiga kura tena na kukubaliana kwa kauli moja kwamba mpira upigwe, kuanzia wikiendi ya 24 Oktoba. Pac-12, wakati huo ligi ya vyuo vya magharibi, ilipita njia hiyohiyo: ilisimama siku moja na Big Ten, ikarudi uwanjani mapema Novemba.

Kwa msomaji aliyezoea soka, yafaa kwanza kueleza uzito wa jambo lenyewe. Futiboli ninayoizungumzia ni ile ya kofia ngumu na mabega yaliyosheheni kinga, na kwa vyuo vya Marekani si mchezo wa kupumzishia akili baada ya masomo. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unaingiza watu zaidi ya 107,000. Fedha za haki za matangazo ya televisheni ndizo zinazolipa mishahara ya makocha, na ndizo zinazobeba michezo isiyojilipa kama kuogelea, tenisi na jimnastiki. Wachezaji wenyewe wakati ule hawakuruhusiwa kulipwa zaidi ya ufadhili wa masomo na gharama za kuishi chuoni.

Mjadala wa mwaka ule uliwagawa watu makundi mawili, na umebaki hivyo katika kumbukumbu za wengi. Kundi moja linasema Big Ten waliogopa kivuli, wakaja kuinama mbele ya Rais Donald Trump, aliyempigia simu kamishna wao Kevin Warren tarehe 1 Septemba huku uchaguzi mkuu ukikaribia. Kundi la pili linasema ligi zilizocheza zilithamini dola kuliko uhai wa vijana. Mimi nasema kuahirisha mwezi Agosti kulikuwa na hoja, na kurudi mwezi Septemba kulikuwa na hoja. Kisichoteteeka ni namna ratiba ya marejeo ilivyojengwa, na namna waliokuwa wakienda kugongana vifua uwanjani walivyowekwa nje ya mlango uamuzi ulipokuwa ukifanywa.

Tuanze na hofu, kwa sababu ilikuwa ya kweli. Madaktari walikuwa wameanza kuona dalili za kuvimba kwa misuli ya moyo kwa watu waliopona korona, hata wale ambao hawakuugua sana. Septemba ile watafiti wa Ohio State walichapisha matokeo ya wanamichezo 26 waliopimwa moyo kwa mashine ya MRI baada ya kupona. Wanne walionyesha dalili za uvimbe huo. Daktari gani angeweza kuweka saini kwamba vijana wakimbizane na kuangushana wakati hajui mioyo yao ina nini? Baadaye, mwaka 2021, takwimu za wanamichezo 1,597 wa Big Ten zilionyesha 37 waliopatikana na tatizo hilo, yaani asilimia 2.3. Ni idadi ndogo kuliko ilivyohofiwa, lakini si sifuri, na Agosti 2020 hapakuwa na mtu aliyeijua. Kilichobadilika kati ya kura ya kwanza na ya pili ni kupatikana kwa vipimo vya haraka ambavyo mchezaji angeweza kupimwa kila siku na kupata jibu muda mfupi kabla ya mazoezi. Mtu akibadili uamuzi kwa sababu amepata chombo kipya cha kazi, hastahili kuitwa kigeugeu.

Warren na wakuu wa vyuo walikosea kwingine. Walifunga msimu bila kueleza ulifungwaje. Wazazi wa wachezaji walisimama nje ya makao makuu ya ligi wakidai majibu. Justin Fields, mpiga pasi nyota wa Ohio State, alianzisha maombi ya mtandaoni yaliyokusanya saini zaidi ya laki tatu. Wachezaji wanane wa Nebraska wakaenda mahakamani, na ni kupitia kesi hiyo umma ulipothibitishiwa kwamba kura ilikuwa 11 kwa 3. Uamuzi unaogusa maisha ya maelfu ya vijana haupaswi kutolewa hesabu yake kwa shinikizo la mahakama.

Sasa tuje kwenye ratiba yenyewe, ambako ndiko hasa mambo yalikokwenda mrama. Big Ten walipanga mechi nane katika wikiendi nane mfululizo, na ya tisa wiki ya fainali, tarehe 19 Desemba. Hapakuwa na wiki hata moja tupu. Juu yake wakaweka sharti kwamba mchezaji akikutwa na virusi asicheze kwa siku 21. Sharti lilikuwa la busara kiafya, ila ukiliweka kwenye ratiba ya namna hiyo, mechi haiwezi kuwa kiporo. Ikikosa siku yake imekufa. Wisconsin walifungua msimu Ijumaa ya 23 Oktoba kwa kuichapa Illinois 45 kwa 7, siku chache baadaye maambukizi yakasambaa kambini, mpiga pasi wao akiwemo. Mechi zao dhidi ya Nebraska na Purdue zikafutwa moja kwa moja. Nebraska, waliobaki bila mpinzani, wakamtafuta mwingine wakampata: Chattanooga, chuo cha Tennessee. Ligi ikakataa, kwa kuwa kanuni ilisema mechi za ndani ya ligi pekee.

Linganisha na SEC, ligi ya vyuo vya kusini mashariki. Wao hawakufunga msimu mwezi Agosti. Walisogeza mwanzo hadi 26 Septemba, wakapunguza mechi hadi kumi, wakampa kila mmoja wiki ya kupumzika, na wakaiacha tarehe 12 Desemba wazi kabla ya fainali. Nafasi hiyo ndiyo iliyookoa msimu wao. Florida walipopata mlipuko mwezi Oktoba, mechi yao na LSU ilihamishiwa 12 Desemba na ikachezwa. Mechi ya Vanderbilt na Missouri ya 17 Oktoba ilihamishwa mara mbili hadi ikatua 28 Novemba, na katika kiporo hicho Sarah Fuller, golikipa wa timu ya soka ya wanawake ya Vanderbilt, aliitwa kupiga mpira kwa sababu wapigaji wa kawaida walikuwa karantini. Akawa mwanamke wa kwanza kucheza katika mechi ya ligi tano kubwa za vyuo. Mwisho wa yote SEC walikosa kucheza mechi mbili tu.

Sisemi SEC walikuwa na huruma zaidi kwa wachezaji wao. Pengine walikuwa wagumu zaidi. Nasema walikuwa na kalenda.

Big Ten walilipa gharama ya kukosa kalenda hadi kwenye heshima ya kanuni zao. Walikuwa wametangaza kwamba timu haiwezi kuingia fainali ya ligi bila kucheza mechi sita. Ohio State, timu bora kuliko zote walizokuwa nazo, ilipoteza mechi tatu kwa kufutwa, ya mwisho ikiwa ile ya watani wa jadi, Michigan, ambayo ilikuwa haijawahi kukosekana tangu 1918. Wakabaki na mechi tano. Tarehe 9 Desemba ligi ikaifuta kanuni yake, na Indiana, ambao wangeingia fainali, wakabaki wakitazama. Ni kweli Ohio State walikuwa wamewafunga Indiana uso kwa uso 42 kwa 35. Lakini kanuni inayofutwa siku kumi kabla ya fainali haikuwa kanuni. Pac-12 walifikia mahali pa ajabu zaidi: Washington walishinda kundi lao, wakashindwa kupata wachezaji wa kutosha wenye afya, Oregon wakaingia badala yao na kutwaa ubingwa. Alabama wa SEC waliposhuka uwanjani Miami Gardens tarehe 11 Januari 2021 kwa fainali ya taifa, walikuwa wamecheza mechi 12. Ohio State walikuwa wamecheza saba. Alabama walishinda 52 kwa 24.

Kuna mkasa mmoja wa Novemba ambao kila mpanga ratiba angepaswa kuubandika ukutani. Clemson walisafiri hadi Tallahassee kucheza na Florida State Jumamosi ya 21 Novemba. Mchezaji wao mmoja aliyekuwa na dalili wiki hiyo alisafiri na wenzake, kisha majibu yakaja kwamba ana virusi. Asubuhi ya mechi madaktari wa pande mbili walikaa na hawakuafikiana, na mechi ikaahirishwa saa chache kabla ya kuanza. Haikuchezwa tena. Wapo waliowalaumu Florida State kwa woga. Mimi nauliza: kwa nini jambo hilo liliachwa kwa madaktari wawili walioajiriwa na vyuo viwili vinavyoshindana? Ligi yao ilipaswa kuwa na daktari wake, asiye na timu, mwenye neno la mwisho.

Upangaji wa haraka unawezekana pale mwenye mamlaka anapojulikana. Liberty waliposhindwa kwenda Conway, South Carolina, kucheza na Coastal Carolina, BYU wa Utah walikubali kuziba pengo, na mechi ikatangazwa Alhamisi ya 3 Desemba kwa ajili ya Jumamosi. Timu zote mbili hazikuwa zimefungwa. BYU hawakuwa na ligi wakati huo, hivyo hawakuhitaji ruhusa ya kikao chochote. Coastal waliongoza 22 kwa 17, na mchezo wa mwisho kabisa mchezaji wa BYU alidaka mpira akaangushwa yadi moja kutoka mstari wa ushindi. Nchi nzima iliizungumzia mechi ambayo siku tatu kabla haikuwepo.

Wanaosema ingefaa kusubiri hadi majira ya kuchipua wana mfano wa kutazama, kwa sababu vyuo vya ngazi ya pili vilifanya hivyo. Vilicheza kuanzia Februari 2021, na fainali ikapigwa 16 Mei huko Frisco, Texas, ambako Sam Houston State walipata pasi ya ushindi zikiwa zimebaki sekunde 16, wakaifunga South Dakota State 23 kwa 21. Ulikuwa mchezo mtamu. Lakini timu kadhaa zilijitoa katikati ya msimu, na Septemba vijana walewale walikuwa tena uwanjani kwa msimu mwingine kamili. Misimu miwili ndani ya mwaka mmoja, katika mchezo unaovunja magoti na kutikisa ubongo, si huruma kwa mchezaji. Kwa hiyo siamini kwamba kuahirisha hadi 2021 kungekuwa jibu kwa ligi kubwa.

Na hapa ndipo wachezaji wanapoingia. Katika mpango wote huu, wakuu walishika mpini na vijana wakashika makali. Wachezaji wa Pac-12 walitoa waraka wao mapema Agosti wakidai kinga za afya na sehemu ya mapato. Wiki moja baadaye nyota wengine, Trevor Lawrence wa Clemson akiwa mstari wa mbele, wakasema wanataka kucheza, na wanataka chama cha kuwasemea. Magazeti mengi yalinukuu nusu ya kwanza na kuisahau ya pili. Haki walizopata zilitoka juu kama hisani: NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ilivizuia vyuo kuwasainisha wachezaji fomu za kuviondolea vyuo lawama, ikaagiza ufadhili wa atakayejitoa usiguswe. Ni mambo mema. Ila hakuna mchezaji aliyepiga kura tarehe 11 Agosti wala 16 Septemba. Septemba hiyohiyo mchezaji wa miaka 20 wa California University of Pennsylvania, chuo ambacho kilikuwa kimefuta msimu wake, alifariki kwa matatizo yaliyohusishwa na korona. Kifo chake kinaonyesha kwamba kufunga uwanja hakukutosha kumlinda kijana, kama ambavyo kuufungua hakukumlinda.

Mtu anaweza kudhani hayo yamepita na korona. Kalenda inasema vinginevyo. Mwaka 2024 mchujo wa ubingwa ulipanuliwa kutoka timu nne hadi 12, fainali ikasogea hadi 20 Januari 2025, na Ohio State, waliotwaa ubingwa, walicheza mechi 16 msimu huo. Alfajiri ya 1 Januari 2025 mtu aliuvamia kwa gari umati wa watu New Orleans, na robo fainali ya Georgia na Notre Dame iliyokuwa ichezwe jijini humo siku hiyo ikasogezwa siku moja. Siku moja ilipatikana. Wiki mbili zisingepatikana, kwa sababu hazipo.

Makamishna wa ligi hizi wana nguvu ya kurekebisha jambo hili sasa, wakati hakuna anayekohoa. Watenge wiki mbili tupu katika kila ratiba hata kama televisheni italalamika. Watangaze mapema, kwa maandishi, ni daktari gani mwenye neno la mwisho asubuhi ya mechi. Na siku watakapokaa tena kuamua kama msimu uendelee au usimame, mezani wawepo wachezaji, na kura zao zihesabiwe.