Si kila mlio ni turbo, dada yangu



Leo naweka kando mapishi na vipodozi. Tuzungumze gari, tena gari ya gia yenye turbo, maana wanawake tunaliwa pesa kwa neno hilo moja. Ukifika gereji ukasema "inafanya kitu nikibadili gia," boneti haijafunguliwa ushajibiwa: "Mama, turbo imekufa." Mdogo wangu anaishi Mkonze, kule Dodoma ukishika njia ya Iringa, na ndivyo alivyoambiwa. Kumbe ilikuwa klachi.

Turbo huzungushwa na moshi wa injini unaoelekea kwenye ekzosi, nayo husukuma hewa zaidi ndani ya injini. Ukiinua mguu ili ubadili gia, moshi unapungua na msukumo unashuka. Ukikanyaga tena, gari inazubaa kidogo kisha inaondoka kwa nguvu. Huo si ugonjwa. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko yetu ya Unguja, kwa hiyo kabla turbo haijashika gari huwa nzito zaidi, hasa ukiwahi kupandisha gia. Acha injini ichanganye ndipo upandishe. Na ule mlio wa "pshuu" kwenye baadhi ya gari za petroli ni hewa inatolewa tu.

Wewe tazama mshale wa mizunguko ya injini. Uko gia ya nne, umekanyaga mafuta, mshale unapanda lakini mwendo uko palepale: klachi inateleza. Kwenye gari ya turbo hujitokeza mapema, kwa sababu nguvu huja kwa mkupuo. Gari ikilegea, ikatoa moshi mweusi na sauti ya upepo unaovuja, fundi aanze na mipira ya hewa. Mpira uliopasuka haulingani bei na turbo mpya.

Ninachokiogopa mimi ni kingine. Kuna dizeli ambayo ukikanyaga klachi mngurumo unapanda wenyewe, haushuki, na moshi wa buluu unafumuka nyuma. Hapo huenda turbo inavujisha oili na injini inaiunguza kama mafuta. Ukizima ufunguo inaweza isizimike. Gari ya gia ina dawa yake: isimamishe, kanyaga breki kwa nguvu zote, weka gia ya juu, achia klachi ghafla injini ife. Usiiwashe tena. Binti zetu wafundishwe hili kabla hawajafundishwa kuegesha.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wanaume. Sikubali. Mume yuko safarini, mtoto ana homa usiku wa manane, na anayeshika usukani ni wewe. (Wanaosema hivyo ndio hao hao wanaotutuma sokoni na gari.)

Na wewe unayeuza gari huku unajua klachi inateleza, ukaiosha ikang'aa na kunyamaza: dini yetu inakutaka umwambie mnunuzi kasoro hiyo kabla hajalipa. "Sikuulizwa" si jibu.

Ukibadilishiwa kifaa, omba cha zamani upewe mkononi, ukitazame mwenyewe.