Bakapu Yako Ishawahi Kuwaka?

Neno bakapu tumelizoea hadi limechakaa. Picha za simu ziko na bakapu. Kinyozi yuko na jenereta ya bakapu. Kuna hata walio na mpenzi wa bakapu, lakini hayo tuwaachie wenyewe. Muulize kijana yeyote mtaani: ukifutwa kazi kesho? Atakujibu haraka, "Usijali, niko na bakapu."

Wacha tuulizane ukweli. Bakapu si wazo tamu kichwani. Ni kitu kilicho tayari kabla ya shida, kimejaribiwa, na kinaweza kusimama hata kile cha kwanza kikianguka. Kikikosa moja kati ya hayo, hilo ni tumaini tu.

Kumbuka Agosti 25, 2023. Stima ilipotea karibu nchi nzima usiku. Uwanja wa ndege wa JKIA ulikuwa na jenereta za dharura, lakini ile ya teminali 1A na 1E ilikataa kuwaka. Abiria wakakaa gizani, na mkurugenzi mkuu wa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege akapigwa kalamu. Jenereta ilikuwepo. Haikuwaka, basi.

Sisi pia ni hivyo. "Mambo yakikataa, nitarudi shagz nilime." Sawa boss, lakini mbolea ya huko inanunuliwa na nani saa hii? Kama ni wewe, kwa mshahara huo huo, shamba si bakapu yako. Wewe ndiwe bakapu ya shamba. Siku mshahara ukikatika, mnaanguka pamoja.

Mimi sikumaliza chuo, kwa hivyo nimehubiriwa sana kwamba digrii ni bakapu. Inaweza kuwa. Lakini cheti kilicho kabatini, ambacho hakijawahi kukuingizia hata mia, bado hakijajaribiwa. Sawa na yule anayesema ataendesha boda na hana leseni.

Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, yaani usitupe mkeka wako mkuukuu kwa sababu ya ule mzuri unaopita. Lakini mkeka lazima kwanza uwepo.

Kwa hivyo wikendi hii washa bakapu yako ukiwa bado na kazi. Tafuta mteja mmoja, akulipe pesa halisi, hata kama ni kidogo. Ikikataa kuwaka sasa, utapata muda wa kuitengeneza. Gizani hutapata.