Ada ya Dar, Kipato cha Katesh

Kanuni za maudhui mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu au televisheni ya mtandaoni alipe shilingi 100,000 za maombi, milioni 1 ya leseni na milioni 1 nyingine kila mwaka. Mwaka 2022 ada ya leseni ikashushwa hadi 500,000, na wenye vyombo jijini wakapumua. Kijana wa Katesh au Haydom anayetaka kurusha habari za mnada, mvua na migogoro ya mashamba kwa Kiiraqw bado anatozwa sawa na anayetazamwa nchi nzima, ilhali wasikilizaji wake ni wa wilaya chache, na wanaoweza kumlipa matangazo ni duka la pembejeo na gesti mbili tatu. Hili linaniudhi, maana serikali inayomtoza hivyo ndiyo inayosema inataka maudhui ya ndani.

Redioni nako hana nafasi, kwa kuwa kanuni za utangazaji zinataka Kiswahili au Kiingereza. Kwa hiyo mlango uliobaki ni mtandao, na hapo mlangoni ndipo ilipowekwa ada. Tunajinyima mengi. Mbulu na Hanang, wilaya za Haydom na Katesh, zimekutanisha Kiiraqw cha Wakushi, Kidatoga cha Waniloti, Kiswahili chetu cha Kibantu, na Kihadza cha Yaeda Chini, ambacho wataalamu hawajakipatia ndugu popote. Wairaqw wana slufay: mzee anaomba mvua, afya na amani, mstari kwa mstari, na umati unamwitikia kwa sauti moja. Hazina ya namna hii ikikosa mwenyeji wa kuirusha, hurushwa na wageni. Ndivyo ilivyo kwa Wahadzabe wa bonde la Eyasi: video za uwindaji wao zimejaa YouTube, na nyingi ni za watu waliokuja na kamera wakaondoka.

Wapo wanaohofia kuwa matangazo ya lugha za makabila yataleta ukabila, na hofu yao ina msingi. Baada ya ghasia za uchaguzi wa Kenya wa 2007, Joshua Sang, mtangazaji wa Kass FM inayotangaza kwa Kikalenjin, alishtakiwa The Hague, ingawa kesi yake ilisitishwa mwaka 2016. Lakini redio ya RTLM ya Rwanda mwaka 1994 ilichochea mauaji kwa Kinyarwanda, lugha ya Wahutu na Watutsi wote. Uchochezi hauhitaji lugha ya kabila, na sheria ya kuuadhibu inafanya kazi katika lugha yoyote. Tatizo likiwa ni kwamba Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) haina wa kusikiliza Kiiraqw au Kidatoga, basi iwaajiri. Wasomi wanaozizungumza lugha hizo wapo.

Ada ipangwe kwa kipato, na anayetangaza kwa lugha ya jamii asitozwe kitu hadi aanze kuingiza fedha. Wizara inayohusika ikiona hilo ni zito, iondoe maneno "maudhui ya ndani" kwenye hotuba yake ya bajeti.