Tupeni Siku Moja

Mwalimu hustaafu kazi, lakini tabia ya ualimu haistaafu. Kituo kimoja cha redio kilipotangaza kwamba Jumapili itakayofuata kingetoa siku nzima kwa muziki wa asili na sanaa, nilinunua betri mpya, nikatwaa daftari na kalamu, nikaketi chini ya mwembe wangu hapa Mpanda tangu saa kumi na mbili asubuhi. Kituo chenyewe sitakitaja, maana ugomvi wangu si na kituo kimoja.

Zikaanza ngoma. Ngoma za wapi, mtangazaji hakusema. Zilipigwa dakika nne, na katikati yake likasomwa tangazo la kubashiri matokeo ya mpira. Saa mbili akaja msomaji wa mashairi. Alifika ubeti wa tatu, akakatwa na tangazo la simu, wala hakurudi tena. Kutoka hapo hadi adhuhuri yakawa mabishano ya Simba na Yanga. Alasiri zikapigwa nyimbo za vijana, ambazo sina neno nazo, ila zilikuwa na siku nyingine sita za juma. Nilipofunga daftari saa mbili usiku nilijumlisha: dakika thelathini na nane. Mwanachuo angeniletea andalio la somo la namna hiyo, ningemrudishia bila kulitia alama.

Wazungu wanapoutaja muziki wao wa kale, wa akina Bach na Mozart, husema kwa heshima, kama watu wanaozungumzia urithi. Sisi tunapoutaja wetu, twauita burudani. Mgeni wa heshima akishuka kwenye ndege, wacheza ngoma hupangwa juani tangu asubuhi. Akishapita, huambiwa asante na kupewa soda. Kisha twalalamika kwamba vijana hawaujali utamaduni wao. Wataujali vipi, nasi tumewaonyesha kwa macho yao kwamba ni pambo la kupokelea wakubwa?

Haikuwa hivi siku zote. Radio Tanzania Dar es Salaam, tuliyoizoea kwa jina la RTD, ilitufikia huku kwa mikwaruzo mingi, hasa mchana, lakini ilifika. Tulikuwa na Malenga Wetu kwa mashairi, Mama na Mwana kwa hadithi, Pwagu na Pwaguzi kwa kicheko chenye mafunzo. Kwa miaka mingi studio ya RTD ilikuwa karibu ndiyo pekee nchini ya kurekodia bendi na vikundi vya ngoma. Kwa njia hiyo mtoto wa Karema, ambaye hajawahi kuona gari moshi, aliijua marimba ya Wagogo na taarabu ya Unguja. Kanda zile ni ghala la taifa, na ghala hufunguliwa watu wale.

Najua majibu nitakayopewa, maana nimekwisha kuyasikia. La kwanza ni kwamba wasikilizaji hawataki. Nauliza: wamekataa lini kitu ambacho hawajapewa? Mtoto hazaliwi akipenda hesabu. Hufundishwa, akazoea, akapenda. Mwaka 1973 redio ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya, nani alikuwa ameomba kipindi cha kuchimba vyoo na kufukia madimbwi? Hata hivyo watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vyao kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, wakashika majembe. Redio iliyoweza kumfanya mtu achimbe choo haishindwi kumfanya asikilize zeze.

Jibu la pili ni fedha: sanaa hailipi, matangazo ya biashara ndiyo yanayolipa. Basi tuwatazame Waingereza, ambao twapenda kuwaiga katika mengine. Mwaka 1946 vita vikuu vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja tu. Nchi ilikuwa fukara, na mwaka huohuo mkate ulianza kugawiwa kwa kadi. Mwaka huohuo pia shirika lao la utangazaji, BBC, lilianzisha idhaa nzima kwa ajili ya muziki wa kale, tamthilia na ushairi. Si siku moja, idhaa nzima! Hawakungoja washibe kwanza.

La tatu husemwa kwa kunong'ona: eti ngoma za makabila zitatugawa. Anayesema hivyo na aje Mpanda. Hapa wapo Wakonongo, Wabende na Wapimbwe. Wapo Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Wapo wa Katumba na Mishamo, ambao wazazi wao waliikimbia Burundi mwaka 1972, na wengi wao leo ni raia wenzetu. Watu hawa hukutana sokoni kila siku, na hakuna anayemjua mwenzake isipokuwa kwa bei ya mahindi. Kusikia ngoma ya jirani na kuelezwa maana yake hakugawi. Kutoijua ndiko kunakogawa.

Wala sikatai vya watu. Mwalimu Nyerere alimtafsiri Shakespeare mara mbili, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na Kiswahili hakikupungua, kilinenepa. Bach naye na apigwe, nitamsikiliza. Lakini mwenye nyumba haoni haya kumpakulia mgeni chakula cha nyumbani. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alipeleka zeze na marimba za Wagogo hadi Ulaya, na watu walilipa kiingilio, wakaketi, wakanyamaza kumsikiliza. Huku kwetu tungemkata ubeti wa tatu.

Sasa nifike kwangu mwenyewe, maana si haki kumrushia mwenzako jiwe huku wako umelificha kibindoni. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu tulikuwa na chumba cha muziki. Kilikuwa na kinanda kimoja, ngoma sita, na zeze tulilotengenezewa na mzee mmoja wa Kikonongo kutoka upande wa Inyonga, ambaye mwenyewe alikuwa mpigaji hodari. Mwaka mmoja shamba la chuo lilitoa mahindi mengi na ghala halikutosha. Niliagiza vyombo vitolewe na magunia yaingizwe. Katika kumbukumbu za kikao niliandika kwa mkono wangu: "kwa muda." Muda huo haukwisha hadi nilipostaafu. Ngoma zililiwa na mchwa nyuma ya jiko, na zeze sikujua lilikokwenda.

Siku moja yule mzee alipita chuoni, akaomba kukitazama chombo chake. Nilimpa kiti na chai, nikamwambia kimeazimwa. Alikunywa chai taratibu, akanishukuru, akaenda zake. Alifariki bila ya mimi kumwambia kweli, na sijasikia kwamba kuna kanda yoyote iliyobaki na sauti yake. Siti binti Saad alifariki mwaka 1950, na leo bado twamsikia, kwa kuwa mwaka 1928 alifika Bombay, akaimba, santuri zikatolewa. Mzee wangu hakuwa na haja ya kufika Bombay. Chuo chenye chumba cha muziki kilikuwapo, na mkuu wake alikuwa mimi.

Ndiyo sababu sizungumzi kama mtu msafi. Nazungumza kama mtu aliyekwisha kutoa vyombo nje ili aingize magunia, na ninayaona magunia yaleyale yakiingizwa redioni, nayo pia kwa muda.

Tupeni siku moja katika mwezi. Si siku ya jina. Siku ambayo mpigaji atatajwa jina lake na kijiji chake, wimbo utapigwa hadi mwisho na kuelezwa, shairi litasomwa hadi ubeti wa mwisho, tamthilia itachezwa, na tangazo la kubashiri litangoja nje ya mlango. Wenye vituo vya huku kwetu waende Inyonga, Mpimbwe na Karema wakarekodi wazee waliobaki. Safari hiyo haihitaji ndege wala mfadhili, na kinasasauti siku hizi kimo katika simu ya kila mtangazaji.

Wazee hao nao hawangoji bajeti ya mwaka ujao. Mimi mmoja wao alinisubiri, akanywa chai, akaondoka.