Monita ya Pili ya Nini, Jamani?

Wadau, hivi nani katuroga? Juzi nimemsikia muuza kompyuta akimshawishi mwalimu anayerudi Lupingu, kule Ludewa kando ya Ziwa Nyasa, anunue monita ya pili. Eti kwa sababu ana kompyuta mbili! Mzigo wenyewe ushushwe milima yote ile.

Monita nyingi za leo zinachomekwa kompyuta mbili kwa mpigo, na zinaelewa DDC/CI, utaratibu ambao VESA waliutoa mwaka 1998 ili kompyuta iiamrishe monita kupitia waya uleule wa picha. Kwenye Linux weka ddcutil, ya bure, kisha andika:

ddcutil setvcp 60 0x11

Kwa monita nyingi picha inahamia HDMI ya kwanza. Windows wana ControlMyMonitor, nayo bure. (Ikigoma, washa DDC/CI kwenye menyu ya monita. Zipo bishi, kwa hiyo jaribu kabla hujalipa.) Kibodi na mausi havihami na picha, hapo kuna Input Leap, mradi mashine ziwe mtandao mmoja.

Muuzaji haya hakuyataja hata moja. Ya pili ni ya kuotea joto? Baridi iko Makambako bwana, si ziwani.